Fisi Aliyesahau Woga

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu au ya vifaranga walionyeshewa mvua? Paukwa!

Pakawa.

Haya, afadhali. Wewe, sogeza huo ukuni, usiuchokonoe; moto haujakukosea kitu. Na mwenye simu aizime taa yake. Giza lina macho yake, tusilipofushe. Na yule anayeuliza kwa nini kinu changu kimelazwa pale pembeni, anyamaze. Nimekilaza mimi. Atajua.

Hapo zamani za kale, mimi sijazaliwa, mama yangu hajazaliwa, na aliyemlea mama yangu hajajua kutambaa, palikuwa na kijiji kikiitwa Litumbo. Hakikuwa kijiji cha ajabu. Watu walilima mtama, wakachimba mihogo, wakagombania mipaka, wakazikana. Kama hapa tu. Ila walikuwa na desturi moja. Jioni, wakisha kula, walikaa kuzunguka moto wakasimuliana ngano. Na kabla msimulizi hajafungua kinywa, mtu mmoja alikwenda kulaza kinu pembeni, pale mwanga wa moto unapokwisha, kisha akaweka mifupa ya chakula cha jioni kando yake.

Kinu kile kilikuwa kiti cha wasikilizaji wa nje. Hukugeuka kumtazama aliyekikalia. Ulisikia majani yakisogea, ukasikia pumzi, ukaendelea kuitika kama mtu mwenye adabu zake. Na ngano ilipokwisha, hakuna aliyeinuka mpaka kitu kikohoe huko pembeni. Kikishakohoa, ndipo watu walipokwenda kulala.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wajinga hupitwa. Wanyama hawana jando wala unyago. Hakuna somo wa kumweka ndani mwana wa fisi akamfunda. Wao walifundwa kwenye kinu kile. Ngano ikisema sungura ni mjanja, sungura alisikia, akaenda zake akawa mjanja. Ngano ikisema mlembe, yule ndege mdogo wa kijivu, ndiye anayewaongoza watu kwenye asali, mlembe aliamka asubuhi akaongoza. Ngano ikisema fisi ni mwoga, anaogopa moto, anaogopa fimbo, anaogopa hata mwanamke mwenye mchi, fisi alisikia, akameza mate, akaogopa. Kila jioni wakikumbushwa, kila asubuhi wakikumbuka.

Basi, mwaka mmoja akapotea mbuzi wa Jumbe. Jumbe wa Litumbo aliitwa Chitanda, mtu mwenye sauti nene na miguu myembamba. Mbuzi mwenyewe alikuwa mmoja tu, tena ana upele. Jumbe akasema, "Ni fisi." Labda alikuwa fisi. Labda mbuzi alichoka kuishi na Jumbe.

"Tutajenga ua wa miiba," akasema Jumbe. "Mrefu kuliko mtu, mnene kuliko tembo. Chenye miguu minne kisisogee."

Watu wakapenda. Watu hupenda sana kujifungia, wanaona ni maendeleo. Wakakata migunga, wakaburuta matawi, wakachomwa mikono na kutukanana. Ua ukapanda, ukazunguka, ukabakiza lango moja tu, upande wa njia ya kisimani.

Nyumba ya mwisho upande ule ilikuwa ya mwanamke mzee, Binti Makolela. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi wao. Mdomo wake ulikuwa mkali hata kuku wa jirani hawakupekua uani kwake. Ua ulipofika karibu yake miiba ikawa imekwisha, na kuufikisha kwake kungetaka siku tatu nyingine za kukata. Jumbe akamfuata.

"Mama yangu, hamia ndani."

"Mafiga yangu yamekaa hapa miaka arobaini," akasema Binti Makolela. "Yamezama mpaka shingoni. Nikiyang'oa yatalia."

"Mawe hayalii, mama."

"Na vichwa vingine havifikiri. Kila kitu na hali yake."

Jumbe akaondoka akijisemea. Akaja mjukuu wa Binti Makolela, Somoe, mtoto mchanga mgongoni, mikono imejaa michubuko ya miiba. Somoe alilelewa na bibi yake tangu hajaota meno. Akapiga magoti.

"Bibi, njoo ukae kwangu. Sitapata usingizi nikijua uko nje na fisi."

"Fisi namjua. Kila jioni yuko kwenye kinu, ananikoholea."

"Ngano zako hazizuii fisi, bibi. Miiba ndiyo inayozuia."

Sasa, Binti Makolela alikuwa na majibu matano ya maneno hayo, kila moja lenye pilipili yake. Hakutoa hata moja. Aliinama akapuliza moto. Hapo Somoe akajua kwamba amemuumiza, lakini alikuwa kijana, akaenda zake.

Lango likafungwa.

Jioni ile watu wakakaa motoni, ndani ya ua. Lakini walilaze wapi kinu? Mwanga ulikwenda ukagonga miiba ukarudi. Na msimulizi hayupo. Mtu wa kwanza akasimulia habari za jirani yake. Wa pili akasimulia habari za wa kwanza. Wa tatu akaenda kulala amenuna. Mwezi haukuisha, hakuna tena aliyekaa motoni. Kila mtu alipika ndani kwake na mlango ameufunga, mifupa anaitupa chini ya kitanda, kijiji kinanuka.

Huko nje Binti Makolela alilaza kinu chake kama kawaida. Lakini mnajua wenyewe: mnyama husikiliza, mtu ndiye huitika. Ngano isiyo na mwitikiaji ni kutwanga hewa. Siku ya kwanza alisema "Paukwa", akajiitikia mwenyewe. Siku ya pili alijiitikia mwenyewe. Siku ya tatu alijisikia akijiitikia, akaona anafanana na mwendawazimu. Akakiinua kinu, akanyamaza.

Na porini wakaanza kusahau.

Mwaka ukapita, kiangazi kikaingia. Asubuhi moja akaja mlembe, akatua juu ya paa la Binti Makolela, akaimba:

"Bibi wa mafiga, bibi wa mafiga,
niambie nami, mimi ni nani?"

Binti Makolela alikuwa anapeta mtama. Hakuinua kichwa. "Unaniuliza mimi? Huna mama?"

"Ninaamka kelele zimenijaa kifuani, bibi, sijui nimwite nani. Jana nilimwita nyoka."

"Akaja?"

"Akaja."

"Na mkia wako uko wapi?"

"Amebaki nao."

"Mpumbavu wewe. Wewe ni mlembe. Unamwita mtu, humwiti nyoka. Unaruka mti hadi mti, mtu anakufuata, anatoboa shina, anakula asali, wewe anakuachia nta. Hiyo ndiyo kazi yako, na huo ndio ujira wako. Nenda."

Mlembe akafurahi, akaruka akaita. Akaita asubuhi, akaita adhuhuri, akaita jioni. Lakini watu walikuwa ndani ya ua na milango imefungwa. Asali ikabaki mtini.

Siku ya pili yake akaja kobe, polepole, shingo nje, kichwani ana nundu tatu. Akaimba kwa sauti ya mtu mwenye mafua:

"Bibi wa mafiga, bibi wa mafiga,
niambie nami, mimi ni nani?"

"Umefanya nini kichwa?"

"Kila anayepita ananigonga, bibi."

"Na kwa nini hukiingizi ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya hiyo nyumba uliyobeba."

Kobe akageuza shingo, akatazama mgongoni kwake muda mrefu. "Hii ni yangu?" akasema. "Nilidhani ni mzigo wa mtu. Tangu masika namtafuta mwenyewe nimrudishie."

Binti Makolela akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Kobe akaingiza kichwa, akakitoa, akakiingiza tena. Akanogewa, akasogea chini ya kitanda cha bibi na kujifungia humo.

Lakini Binti Makolela alipomaliza kucheka hakuokota ungo. Alikaa akawaza. Mlembe amesahau. Kobe amesahau. Na yupo mwingine wa kwenye kinu, ambaye woga wake ulikuwa ni wa kusimuliwa tu. Akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini akakomea mlango.

Siku ya tatu akaja fisi.

Alikuja mchana, jua likiwaka. Alikuwa amesahau kwamba yeye ni wa kutembea gizani. Usiku alilala kama muungwana na mchana akashughulika. Wakati ule, mjue, fisi alisimama sawasawa, miguu ya nyuma mirefu kama ya mbele, mgongo umenyooka kama meza. Akaja akakaa mbele ya lango, katikati ya njia ya kisimani.

Wanawake walikuwa wanatoka na mitungi. Wakarudi mbio.

Wanaume wakamrushia kijinga cha moto. Fisi akakinusa, ndevu zikaungua. "Hiki kinaliwa?" akauliza. Wakapiga ngoma ili ashtuke. Akatikisa kichwa kwa kuifuata. Wakamtupia fimbo. Akaidaka kwa meno, akasema, "Ahsanteni," akaitafuna.

"Nina njaa," akawaambia kwa upole. "Sina haraka. Mtatoka."

Jumbe akasema, "Aende mwenye mkuki mkali." Kila mtu akautazama mkuki wake, akaona ni butu.

Na kutoboa ua upande mwingine? Walijaribu. Wajenzi hodari, wale. Walikuwa wamejenga ua ambao hata wao hawakuweza kuutoka. Usiku fisi alilala palepale, mgongo kaegemeza kwenye lango, anakoroma.

Siku ya kwanza maji ya mitungini yakaisha. Siku ya pili watu walilamba umande kwenye miiba, ndimi zikachanika. Siku ya tatu maziwa ya Somoe yakakauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Alinyonya, akaachia, akalia. Adhuhuri hakulia tena. Alikuwa amefungua mdomo, lakini sauti haitoki.

Binti Makolela alikuwa amejikomea ndani na kobe wake siku zote tatu. Mtungi wake ulikuwa bado na maji, kwani kizee hakinywi sana. Kile kilio alikuwa akikisikia tangu alfajiri. Kulia kwa mtoto hakukumtoa. Alisema, "Kinachopiga kelele ni kizima." Kilichomtoa ni kile kimya.

Akafungua komeo. Akainamisha kinu, akakibingirisha mlangoni, akakibingirisha uani, akakibingirisha mpaka njiani. Mchi akaushika kama mkongojo. Fisi akainuka.

"Bibi wa mafiga, bibi wa mafiga," akaimba, na sauti yake ilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme,
"niambie nami, mimi ni nani?
Ukiniambia, nitakula baadaye.
Usiponiambia, nitakula sasa."

"Una adabu mbaya," akasema Binti Makolela. "Kaa." Akakilaza kinu. Fisi akakitazama. Hakukijua, lakini kitako chake kilikijua. Akakaa.

Sasa mnajua mwiko. Ngano haisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana huota mkia, na anayemwitikia naye huota. Binti Makolela akatazama juu. Jua lilikuwa utosini. Kivuli chake kilikuwa kimejificha chini ya nyayo zake.

"Nina miaka sabini," akajisemea. "Nikiota mkia, utanisaidia kufukuza nzi."

Akapaza sauti kuelekea kwenye ua wa miiba. "Paukwa!"

Ndani ya miiba watu wakatazamana. Jumbe akanong'ona, "Asiitike mtu. Mnaliona jua? Mnataka kurudi majumbani na mikia?"

Kimya.

"Mbona hakuna anayeitika?" akauliza fisi. "Basi hii si ngano. Ni maneno ya bibi kizee tu." Akashuka kwenye kinu, akasogea hatua moja.

"Paukwa!" akasema Binti Makolela mara ya pili.

Ndani, mzee mmoja akafungua mdomo. Jumbe akamkazia macho. Mzee akaufunga.

Fisi akasogea hatua nyingine. Binti Makolela akaisikia pumzi yake, ikamnukia mbuzi wa zamani. Hakupaza sauti tena. Safari ya tatu alisema taratibu, kama alivyokuwa akisema zamani, Somoe yuko mapajani na uji mdomoni.

"Paukwa, mke mwenzangu."

Ndani ya ua Somoe alikuwa amekaa chini, mtoto kifuani. Alikuwa akifikiria yale maneno aliyosema kuhusu miiba. Koo lake lilikuwa kavu kama pumba.

"Pakawa," akasema.

"Somoe," akafoka Jumbe, "utaota mkia, wewe."

"Nikiuota, nitamfungia mtoto mgongoni." Akaita tena, kwa nguvu zilizobaki: "Pakawa, bibi."

Na mwanamke wa jirani akasema, "Pakawa." Na yule mzee akasema, "Pakawa." Na vijana wa mikuki butu wakasema, "Pakawa." Jumbe aliitika wa mwisho, tena kwa pua.

Fisi alipoisikia sauti ile ya watu wengi, nywele za shingo zikamsimama. Hakujua kwa nini. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye kinu.

"Hapo zamani za kale," akaanza Binti Makolela, "palikuwa na fisi."

"Ndiye mimi?"

"Msikilizaji hasemi. Ndiye wewe. Fisi akauona moto, akadhani ni nyama nyekundu. Akaung'ata."

"Akafanyaje?"

"Waulize hao."

Na nyuma ya miiba watu wote, ambao kwa mwaka mzima hawakusema neno moja kwa pamoja, wakasema, "Akakimbia."

Miguu ya nyuma ya fisi ikashuka kidogo.

"Fisi akaiona fimbo, akadhani ni mfupa. Fimbo ikanyanyuka, ikashuka. Akafanyaje?"

"Akakimbia."

Miguu ya nyuma ikashuka tena.

"Fisi akamwona mwanamke yuko peke yake, akadhani ni mnyonge. Kumbe ameshika mchi." Akaugonga mchi chini, tu! "Akafanyaje?"

"Akakimbia," wakasema watu, na wengine walikuwa wanacheka kwa midomo iliyopasuka.

Miguu ya nyuma ikashuka mara ya tatu, ikabaki hukohuko. Mkia ukaingia katikati ya miguu. Macho ya fisi yakafunguka kama ya mtu aliyeamshwa. Akalitazama jua akaona aibu. Akautazama mchi akameza mate. Akanusa ndevu zake zilizoungua, sasa ndipo zikamuuma.

Hapo angeweza kumfukuza. Ngano ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Lakini fisi akauliza, na sauti yake haikuwa ya kuimba tena:

"Bibi, katika ngano zote hizo, mimi sikushinda hata siku moja?"

Binti Makolela akaegemea mchi wake. Hakumwonea huruma, fisi ni fisi. Lakini msimulizi akimdhulumu mtu fungu lake, ngano humgeuka.

"Ipo moja," akasema. "Fupi. Mwaka ambao Litumbo ilianzwa, maradhi yaliingia kwenye zizi. Wanyama wakafa, wakalala juani, kijiji kikanuka, watu wakaanza kufunga mizigo wahame. Akaja fisi. Siku ya kwanza akala. Siku ya pili akala. Siku ya tatu akamaliza, nyama, ngozi na mfupa. Upepo ukawa safi. Watu wakafungua mizigo. Usingekuwa wewe, kusingekuwa na Litumbo."

"Wakanishukuru?"

"Hapana. Watu hawashukuru. Ila tangu siku ile wakawa wanakuwekea mifupa kando ya kinu."

Fisi akatazama kando ya kinu. "Kumbe ndiyo hiyo," akasema mwishowe. "Nilikuwa nakuja langoni nikitafuta kitu. Njaa ilijua njia, mimi sikujua ninatafuta nini."

Kutoka ndani ya miiba sauti nene ikauliza, "Na mbuzi wangu?"

"Mwenye upele?" akasema fisi. "Huyo nilimla. Alikuwa mchungu."

"Nilisema," akasema Jumbe.

"Ulisema," akajibu Binti Makolela. "Umepatia mbuzi mmoja, ukapoteza mengine yote." Kisha akamgeukia fisi. "Mifupa itakuwepo jioni. Mtoto wa mtu si mfupa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ngano yangu, basi, imekwisha."

Hakuna aliyeinuka. Ndani ya ua hakuna aliyeinuka, nje hakuna aliyeinuka. Jua liliwaka, koo zilikauka, na watu wote wa Litumbo wakangoja.

Fisi akakohoa.

Kisha akageuka akakimbia, kombo kombo, matako chini, kama anavyokimbia mpaka leo. Nanyi mkimwona mkacheka, kumbukeni anachekwa kwa sababu ya kusikiliza. Wengine hamsikilizi hata kidogo na mgongo mmenyoosha.

Lango likafunguliwa. Wa kwanza kutoka alikuwa Somoe. Binti Makolela alikuwa amekwisha ingia ndani na kutoka na kata ya maji. Akampa Somoe. Somoe akalowesha kidole, akamtia mtoto mdomoni. Mtoto akakifyonza, akafyonza tena, halafu akalia kwa sauti kamili, sauti mbaya kabisa, ya hasira.

"Mzima," akasema Binti Makolela.

Somoe akataka kupiga magoti. "Bibi, yale niliyosema kuhusu ngano zako..."

"Kunywa kwanza. Ukisema na maji kinywani utapaliwa."

"Bibi, nilikosa."

"Ulikosa. Nitakukumbusha kesho, na keshokutwa, nikiwa na nafasi. Leo kunywa."

Ndiyo samahani yenyewe hiyo. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kupata kubwa zaidi.

Ua haukubomolewa. Jumbe hakuweza kusema ubomolewe, maana angekuwa amesema alikosea, na neno hilo halikuwa katika kinywa chake. Lakini jioni ile watu walikwenda kukaa kwenye mafiga ya Binti Makolela, na moto unataka kuni, na miiba ya migunga ilikuwa imekauka vizuri. Mtu akachomoa tawi moja. Jioni ya pili mwingine akachomoa matawi mawili. Masika yalipoingia palikuwa na mwanya wa kupita kinu, na mavuno yalipofika palikuwa na mwanya wa kupita harusi. Jumbe akawaambia wageni kwamba hivyo ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Wanakijiji wakamwachia. Mtu mwenye miguu myembamba umwachie cha kuegemea.

Mlembe akaita, watu wakatoka wakamfuata, wakala asali, nta wakamwachia. Kobe ilibidi avutwe kutoka chini ya kitanda. Alikuwa amekwisha jua nyumba yake, sasa alitaka na ya mwenzake. Na mifupa ikawekwa kando ya kinu, kila jioni.

Na mkia, je? Najua mnalotaka kuuliza, mmekaa mnapigana viwiko tangu muda ule. Sijui. Hakuna aliyemtazama Binti Makolela kwa nyuma. Alikuwa na mdomo, yule. Ila inasemwa kwamba tangu siku ile alikalia kigoda chake kwa upande. Na Somoe naye, akawa anakaa kwa upande. Na yule mtoto wa kifuani, alipokua akawa msimulizi, naye akakaa kwa upande. Na binti yake. Na binti wa binti yake.

Ndiyo, nimekaa upande. Kigoda ni kibovu. Tazama moto wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, pembeni mwa kinu, mwanga unapokwisha. Mifupa ya kuku mmeiweka? Vizuri.

Asiinuke mtu. Wewe nawe, usigeuke. Tungoje kikohoe.